Michikichi Minne ya Bogor: utofauti wa vinasaba katika mazao ya mafuta unapimwaje, na kipimo kinamfikia nani

Kila mafuta ya kula yanapopanda bei Tanzania, kuna usemi unaorudi bungeni, redioni na vijiweni: Wamalaysia walikuja Kigoma, wakachukua mbegu za michikichi, leo wao ni matajiri wa mawese na sisi tunanunua kwao. Umerudiwa mno hata watoto wa shule wanaujua. Una chembe ya ukweli, ila chembe yenyewe haiko pale inapodhaniwa.

Mwaka 1848 miche minne ya mchikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, wakati huo mji ukiitwa Buitenzorg chini ya Waholanzi. Miwili ilitoka Amsterdam, miwili ilitoka visiwa vya Bahari ya Hindi. Wazao wake walipelekwa Sumatra, eneo la Deli, wakapandwa kama mapambo kando ya barabara za mashamba ya tumbaku. Huko ndiko ulikozaliwa ukoo uitwao Deli, ambao mpaka leo ndio upande wa mama wa sehemu kubwa ya mbegu za biashara za Asia ya Kusini-Mashariki. Shamba la kwanza la biashara huko Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, lilianza mwaka 1917. Watafiti wa Malaysia walifika kweli Tanzania kukusanya mbegu za michikichi, lakini hiyo ilikuwa miaka ya 1980, viwanda vyao vikiwa vimesimama siku nyingi. Hawakuja kutafuta zao jipya. Walikuja kwa kuwa walijua kwamba mamilioni ya hekta zilikuwa zinaelekea kusimama juu ya miche minne, na kwamba ukoo mwembamba namna hiyo ukipatwa na ugonjwa mmoja hauna pa kukimbilia. Walipita Nigeria, Kameruni, Zaire, Tanzania, Madagaska, Angola na kwingineko. Vipimo vya vinasaba vilivyofanyika baadaye kwenye makusanyo hayo vilionyesha michikichi ya Nigeria ikiwa na utofauti mkubwa kuliko yote, na Deli ikibaki finyu kama ilivyotarajiwa.

Kisa cha mchikichi kinafaa kutangulia kwa sababu kinaonyesha haraka jambo ambalo ripoti nyingi za maabara hulificha. Tunaposema tunapima utofauti wa vinasaba katika ufuta, karanga, alizeti, nazi au mchikichi, kwa kawaida tunachanganya maswali matatu. La kwanza ni mimea hii inatofautiana kiasi gani. La pili ni imetoka wapi na nani ni ndugu wa nani. La tatu ni kipande gani cha DNA kinachomwongezea mkulima mafuta, au kinachomwokolea zao. Maoni yangu ni kwamba swali la kwanza limejibiwa mpaka limechosha, la pili limetupatia majibu yanayobadilisha historia yetu wenyewe, na la tatu, ambalo ndilo linalolipa, ndilo fedha za utafiti za ukanda huu hukatika kabla halijafikiwa.

Kwanza tuone kazi yenyewe inavyofanyika. Mtafiti huchuma jani changa, akalitia kwenye bahasha yenye chembe za silika ili likauke kabla halijaoza. Maabarani jani husagwa pamoja na nitrojeni ya kimiminika, likatiwa mchanganyiko wa chumvi na sabuni maalumu iitwayo CTAB, likapashwa moto wa nyuzi 60 na ushei, kisha klorofomu ikatenganisha protini na uchafu. Mwisho pombe baridi hutiwa, na DNA hujitokeza kama uzi mweupe unaoelea. Kwa mazao ya mafuta hatua hii ina ukorofi wake. Majani ya mnazi na mchikichi yana kemikali zinazogeuza DNA kuwa ya kahawia, na ya kahawia haisomeki vizuri. Majani ya ufuta yana utelezi. Anayekula mlenda atalielewa hilo bila kuelezwa, maana baadhi ya ndugu wa mwitu wa ufuta huchumwa porini Tanzania na kupikwa mlenda. Nitawarudia ndugu hao mbele.

Ukishapata DNA safi huhitaji kuisoma yote. Unachagua sehemu chache ambazo mimea hutofautiana, na sehemu hizo ndizo huitwa alama au vialama vya vinasaba. Mbinu ya RAPD, iliyotangazwa mwaka 1990, ilitumia vipande vifupi vya herufi kumi za DNA vilivyotupwa bila kulenga popote. Ilikuwa rahisi na bei nafuu, kwa hiyo ilienea vyuo vikuu vingi vya nchi zinazoendelea. Ubaya wake ni kwamba mashine ikibadilika, au hata fundi akibadilika, mistari kwenye jeli nayo hubadilika. AFLP ikafuata mwaka 1995, imara zaidi. Zikaja alama za herufi zinazojirudia, ambazo ndizo zilizotawala kwa miaka ishirini: mahali fulani kwenye kromosomu herufi GA zinarudiwa mara 12 kwa ufuta huu na mara 17 kwa ule, na tofauti hiyo ya urefu inaonekana wazi kipande kinapovutwa na umeme ndani ya jeli. Leo kazi kubwa inafanywa na SNP, yaani mahali ambapo herufi moja tu imebadilika, na mashine husoma maelfu yake kwa mpigo mmoja. Nairobi, kwenye maabara za ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, huduma ya aina hii imekuwa ikipokea majani kutoka nchi nyingi za Afrika, mtafiti akirudishiwa jedwali la takwimu badala ya picha ya jeli.

Hapa ndipo udanganyifu wa takwimu huanzia, na sisemi udanganyifu wa makusudi.

Kipimo kinachotumiwa sana kinauliza hivi: nikichukua nakala mbili za DNA kutoka kundi hili bila kuchagua, kuna uwezekano gani zikawa tofauti? Jibu huwa kati ya 0 na 1. Sasa SNP kwa kawaida ina sura mbili tu. Hata sura hizo zikigawana nusu kwa nusu, kipimo hakiwezi kuvuka 0.5. Alama ya herufi zinazojirudia inaweza kuwa na sura kumi, na zikigawana sawasawa kipimo kinafika 0.9. Kwa hiyo ukisoma kwamba karanga za nchi fulani zina utofauti wa 0.3 na za jirani 0.7, usikimbilie kusema jirani ana hazina. Uliza kwanza kila mmoja alipima kwa alama gani. Nimeona mapendekezo ya miradi yakiweka namba za aina hizo mbili katika jedwali moja, na kutoa hitimisho la kisera juu yake.

Kuna mtego mwingine uliojificha zaidi. Vifaa vya kusoma SNP hutengenezwa kwa kutazama mimea fulani kwanza, na mara nyingi mimea hiyo ni mbegu za biashara za Ulaya, Marekani, China au India. Kifaa hicho kikiletwa kupima ufuta wa Lindi, kitaona tu tofauti zilizokuwako kwenye mimea iliyokitengeneza. Tofauti zilizo za Lindi peke yake hazimo kwenye orodha ya kutafutwa, kwa hiyo hazionekani, na ripoti itaandika kwamba ufuta wa Afrika una utofauti mdogo. Hili halimaanishi teknolojia mpya ni mbaya. Linamaanisha kwamba mbinu inayosoma DNA ya mimea ya hapa upya, bila orodha ya awali, ni ya haki zaidi kwetu hata kama takwimu zake zina mapengo mengi.

Halafu kuna tabia ya zao lenyewe. Ufuta na karanga hujichavusha kwa sehemu kubwa. Alizeti huhitaji nyuki wahamishe chavua, na minazi mirefu na michikichi nayo huchavushana. Kwa mimea inayojichavusha, shamba moja laweza kuwa na mimea inayofanana karibu kabisa, na utofauti ukawa kati ya shamba na shamba. Kwa alizeti mambo hugeuka, utofauti mwingi umo ndani ya shamba moja. Anayekwenda Singida kukusanya alizeti anaweza kupata mengi kwa kuchukua mbegu nyingi katika vijiji vichache. Anayekwenda kukusanya karanga akifanya hivyo hivyo atarudi na gunia la mbegu moja. Hii ndiyo sababu pia mbegu ya alizeti ya Record iliyohifadhiwa na wakulima miaka na miaka, karibu na mashamba ya chotara za madukani, haiwezi kudhaniwa kuwa bado ni Record kwa kuwa tu gunia limeandikwa hivyo.

Swali la pili, la asili, ndilo linalonivutia zaidi kama msomaji, ingawa najua halijazi pipa la mafuta.

Chukua mnazi. Mwaka 2011 Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen walichapisha uchambuzi wa minazi 1,322 kutoka sehemu mbalimbali za dunia kwa kutumia alama 10 za herufi zinazojirudia. Alama kumi si nyingi, lakini sampuli zilikuwa nyingi na zimetawanyika vizuri. Minazi ya dunia iligawanyika makundi mawili makubwa, la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, na karibu theluthi ya utofauti wote ilikuwa kati ya makundi hayo. Tofauti ya namna hiyo inaashiria kwamba mnazi ulianza kulimwa sehemu mbili, si moja. Na mchanganyiko wa makundi hayo ulionekana wapi? Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki. Maelezo yaliyotolewa ni safari za Waaustronesia, mabaharia kutoka Asia ya Kusini-Mashariki ambao lugha yao ndiyo mama wa Kimalagasi. Mnazi unaokuna nazi yake Tanga au Kilwa, basi, unaweza kubeba mwilini nasaba za bahari mbili. Kwa wanahistoria wa pwani huu ni ushahidi wa aina mpya, usiotegemea vigae wala maandishi ya wasafiri.

Mbarika nao una habari yake. Watu wengi wanaujua kwa mafuta ya nyonyo yanayopakwa nywele, na huota majalalani hata bila kupandwa. Mwaka 2008 mimea ya mbarika kutoka mikusanyo ya nchi 35 ilipimwa kwa AFLP na kwa alama za herufi zinazojirudia, na watafiti walishangaa jinsi utofauti ulivyokuwa mdogo ukilinganisha na tofauti kubwa zinazoonekana kwa macho: mbarika mwekundu, wa kijani, mrefu, mfupi, wenye punje kubwa na wenye punje ndogo. Jibu lilianza kueleweka mwaka 2021, jenomu za mbarika wa mwitu wa Kenya na Ethiopia ziliposomwa pamoja na za kulimwa. Mbarika wa mwitu wa Afrika Mashariki ulionekana kuwa ndio chanzo, na unabeba utofauti ambao mbarika uliosambazwa duniani haunao. Tulikuwa tukipima watoto waliohama na kuandika kwamba ukoo ni maskini, na huku wazee wako Turkana.

Karanga ni finyu kwa sababu nyingine kabisa. Zilizaliwa Amerika ya Kusini kwa mwungano wa nadra wa spishi mbili za mwitu, Arachis duranensis na Arachis ipaensis, kromosomu za zote mbili zikabaki ndani ya mmea mmoja. Mmea huo mpya haukuweza tena kuzaana kirahisi na wazazi wake, kwa hiyo ulianza maisha ukiwa umefungiwa nje ya ukoo. Ndiyo maana watafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa alama za wakati huo, walikuwa wakipima karanga za kila rangi na umbo na kuona karibu hakuna tofauti yoyote. Jenomu za wazazi hao wawili zilipochapishwa mwaka 2016, ile ya Arachis ipaensis iliyochukuliwa Bolivia ilikaribia kufanana herufi kwa herufi na nusu ya pili ya karanga tunayokula. Ni nadra sana katika kilimo kumkamata mzazi karibu namna hiyo.

Ufinyu wa karanga ulitatuliwa kwa kurudi porini, na hapa alama za vinasaba zimefanya kazi ya ushahidi. Miaka ya 1960, huko North Carolina, karanga ilichanganywa kizazi na ndugu wa mwitu kutoka Bolivia aitwaye Arachis cardenasii. Mbegu za uzao huo zikasambaa kutoka mtafiti hadi mtafiti, nyingi bila kumbukumbu kamili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia vipande vya kromosomu ya cardenasii na kuvikuta kwenye mbegu zinazolimwa nchi nyingi za Afrika, Asia, Australia na Amerika, vikizikinga dhidi ya kutu na madoa ya majani. Mkulima anayepanda mbegu hizo hajui kwamba analima kipande cha karanga mwitu ya Bolivia. Nchi ambayo mmea huo ulichumwa pia haikuwa na njia ya kujua, mpaka alama zilipoonyesha.

Ufuta nao ulipopimwa kwa AFLP mwaka 2006, sampuli 32 kutoka India, Afrika, Asia ya Mashariki, Asia ya Kati na ya Magharibi, sehemu kubwa ya utofauti ilikutwa ndani ya kila kanda, na ramani ya vinasaba haikulingana na ramani ya dunia. Ufuta umesafiri sana kibiashara. Kwa hiyo kuweka akiba ya mbegu kwa kugawa nchi na mikoa tu, kama vituo vingi vinavyofanya, ni kuhifadhi majina ya mahali.

Sasa swali la tatu, na hapa narudi kwenye mchikichi kwa kituo.

Tunda la chikichi lina nyama ya nje inayotoa mawese, kisha ganda gumu, kisha kiini kinachotoa mafuta ya mise. Mchikichi uitwao dura una ganda nene, na ndio uliojaa katika vijiji vya Kigoma na ng'ambo ya ziwa huko Kongo. Pisifera hauna ganda, ila mara nyingi mikungu yake hunyauka bila kuzaa. Tenera una ganda jembamba na nyama nyingi, na hutoa mafuta takriban asilimia 30 zaidi ya dura. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua tenera unatoka wapi. Ilikuwa Yangambi, kituo cha utafiti cha Kongo ya Wabelgiji, ambako watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha, kwenye chapisho la 1941, kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera tu. Jeni moja. Uvumbuzi huo uliofanyika kando ya Mto Kongo ndio uliojenga sekta nzima ya mawese ya Asia, na kwa maoni yangu ndiyo habari iliyostahili kusimuliwa vijiweni badala ya ile ya mbegu za Kigoma.

Jeni yenyewe, iliyopewa jina SHELL, ilitambuliwa mwaka 2013 na timu ya bodi ya mawese ya Malaysia pamoja na wanasayansi wa Marekani, katika jarida la Nature, sambamba na jenomu ya mchikichi. Mojawapo ya mabadiliko mawili ya mwanzo yaliyoonekana kwenye jeni hiyo lilipatikana katika ukoo wa AVROS, ambao mizizi yake ni bustani ya Eala, Kongo. Faida ya ugunduzi huo ni ya haraka mno. Zamani ili ujue mche ni tenera ulisubiri uzae, miaka mitatu au minne, ndipo ukate tunda uangalie. Leo unakata kipande cha jani kitaluni, ukajua kabla mche haujauzwa. Malaysia walipopima miche ya vitalu vya watu binafsi kwa njia hii, takriban asilimia 11 haikuwa tenera. Hiyo ni nchi yenye ukaguzi mkali. Nawaachia wasomaji wakadirie kwenye soko ambalo miche huuzwa kando ya barabara kwa neno la muuzaji.

Na kuna hesabu ambayo kila mkulima wa Kigoma aliyepata miche ya tenera tangu serikali ilipoanza kulifufua zao hilo mwaka 2018 anapaswa kuambiwa waziwazi. Tenera uliochavushwa na tenera mwenzake ukichukua mbegu zake ukapanda, kila watoto wanne kwa wastani watakuwa dura mmoja, tenera wawili na pisifera mmoja. Robo ya shamba itakuwa karibu tasa, na robo nyingine itarudi pale pale ulipotoka. Kuhifadhi mbegu ni busara ya vizazi kwa mazao mengi. Kwa tenera ni hasara, na kipimo cha jani moja kinaweza kumwonyesha mtu hilo kabla hajachimba mashimo.

Mfano mwingine ni jeni ya FAD2, inayogeuza asidi ya oleiki kuwa ya linoleiki ndani ya mbegu. Ikidhoofika, mafuta huwa na oleiki nyingi, hayachachi upesi na yanavumilia moto wa kukaangia. Alizeti ya aina hiyo ilipatikana Krasnodar miaka ya 1970, karanga yake Florida mwaka 1987. Kwa karanga lazima nakala mbili za jeni ziharibike kwa pamoja, jambo ambalo bila alama za vinasaba lingemchosha mzalishaji wa mbegu. Kwa alama, India imekwisha kuidhinisha karanga za Girnar 4 na Girnar 5. Ni kazi inayoweza kufanyika kesho kwenye kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kama fedha ya kupima majani elfu chache ingekuwako kila msimu.

Lakini nisije nikaonekana nauza alama za vinasaba kwa bei ya duka. Ukinzani wa karanga dhidi ya sumukuvu hauna jeni moja ya kukimbilia. Wingi wa mavuno ya ufuta hutokana na jeni nyingi ndogondogo zinazobadilika na mvua. Hata tatizo kubwa la ufuta, kupasuka kwa vitumba na kumwaga punje chini, lilipata mwanga wake wa kwanza kwa macho ya mtu: mwaka 1943 mtafiti Langham alikuta Venezuela mmea mmoja ambao vitumba vyake havikufunguka. Mmea huo ulikuja na kasoro zake, lakini ndio uliofungua njia ya kuvuna ufuta kwa mashine huko Amerika. Wakulima wa Lindi na Mtwara bado wanakata ufuta kabla haujakauka, wanaufunga matita na kuyasimamisha yakauke, kisha wanayapindua juu ya turubai kwa uangalifu, na bado sehemu ya mavuno hubaki ardhini. Tafiti za utofauti wa ufuta ni nyingi kuliko tafiti za vitumba visivyopasuka. Sababu ninaijua: za kwanza huisha ndani ya muda wa shahada ya uzamili, za pili hazimaliziki ndani ya mradi wa miaka mitatu.

Upo pia ufinyu tunaojitengenezea kwa kuboresha. Wakanada walipotaka mafuta ya rapa yasiyo na asidi ya eruki wala uchungu kwenye mashudu, walitegemea vyanzo viwili, Liho ya Ujerumani na Bronowski ya Poland. Mbegu iliyotoka, kanola, ilipendwa ulimwenguni, na vipimo vya vinasaba vimekuwa vikionyesha tangu hapo jinsi zao hilo lilivyopita kwenye tundu dogo. Kigoma iko njiani kwenye tundu la aina hiyo. Mbegu chotara za kisasa za mchikichi mara nyingi mama yao ni Deli. Kila dura mzee anayekatwa ili kupisha tenera, kwa lengo zuri kabisa la kuongeza mafuta, huacha nafasi yake kwa wajukuu wa ile miche minne ya Bogor. Sisemi wasikatwe. Nasema wapimwe kwanza, na walio tofauti wabaki na kizazi mahali fulani.

Mahali hapo hapawezi kuwa friji. Mfano ulio wazi ni nazi: haikaushwi ikahifadhiwa baridini kama mbegu ya mtama. Hufa. Hazina ya minazi ni shamba lenye minazi hai, linalohitaji ardhi, palizi na mlinzi kwa miongo kadhaa. Ufuta na karanga hukaa vizuri kwenye hifadhi ya mbegu kama ile ya taifa iliyoko Arusha, ila ndugu zao wa mwitu, wale wa mlenda, hawakusanywi kwa wingi, kwa sababu wafadhili huuliza mavuno kwa hekta na mmea wa porini hauna jibu.

Sheria za kimataifa nazo zina pengo linalowahusu wakulima wa mazao ya mafuta moja kwa moja. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za vinasaba vya mimea, uliopitishwa mwaka 2001, una orodha ya mazao ambayo nchi hubadilishana mbegu kwa masharti ya pamoja na kugawana faida. Alizeti na nazi zimo. Karanga, soya, ufuta na mchikichi hazimo. Kwa hayo yaliyoachwa nje, kwa kawaida kila ombi la mbegu kwa nchi hujadiliwa peke yake, na anayejadili bila kujua alicho nacho hujadili gizani. Isitoshe, siku hizi anayetaka kilicho Kigoma au Turkana hahitaji gunia la mbegu. DNA ikishasomwa na kuwekwa kwenye hifadhidata, herufi husafiri bila pasi. Mkutano wa bayoanuwai wa Cali, Kolombia, mwaka 2024 uliafiki mfuko wa kuchangiwa na makampuni yanayonufaika na taarifa hizo za kidijitali, lakini mchango wenyewe ni wa hiari.

Kwa hiyo mradi ujao ukija na fedha za kupima utofauti wa michikichi au ufuta, mimi ningeuliza kabla ya kusaini: alama zipi, na zilitengenezwa kwa mimea ya nani? Sampuli zitachukuliwa kwa ramani ya mikoa au kwa tabia ya zao? Takwimu zitakaa kwa nani? Na baada ya jedwali la vinasaba kurudi kutoka Nairobi, nani atabaki shambani kwenye kituo cha utafiti cha Kihinga, Kigoma, kupima kila mkungu, mti kwa mti, kwa miaka minane au kumi, ili tujue ni herufi ipi kati ya hizo inahusiana na mafuta? Kipimo cha jani siku hizi ni bei ndogo na kinazidi kushuka. Mshahara wa mtu mwenye mizani haushuki, na sijaona bado waziri akikata utepe mbele ya mizani.